Unga wa idli hauumuki na huku sina stima, wajuzi nisaidieni

MamaSwaleh_Amu

Asalam aleikum ndugu zangu, na wengine wote hamjambo. Naomba msaada manake nimechoka kutupa unga na urad yenyewe mpaka iagizwe Mombasa.

Mimi nilikua Malindi miaka sita, nafanya kazi jikoni kwa nyumba moja ya wahindi wa kule kusini ya India, wale wa idli (vikate vyeupe vya mchele vya kupikwa kwa mvuke) na dosa (chapati nyembamba za unga huo huo) si wagujarati wale wa dhokla, na mama mwenye nyumba alinifundisha vizuri tu, ikafika akisafiri mimi ndo nawapikia wazee wake na hawalalamiki. Sa nimerudi Lamu, tena si mjini, niko shamba upande wa Kipungani kwa mama yangu, na nyumba yetu haina stima, kuna sola ya taa mbili na kuchaji simu bas. Friji hamna, blenda hamna, ile mashine ya mawe ya kusagia niliyoizoea ndo usiseme.

Ilivyoanza ni hivi, binamu yangu ni mpishi kwa nyumba ya wageni, wakaja watu hawali nyama, hawali samaki, hawali mayai, akachoka kuwapa chapati na pojo kila siku akaniuliza naweza kumtolea idli thelathini kila Jumamosi asubuhi? Nikasema naweza. Mdomo ulitangulia.

Ninavofanya: vikombe vinne vya mchele na kimoja cha urad (kwa wasioijua ni zile punje nyeupe ndogo zilizotolewa ganda jeusi, msichanganye na pojo), kijiko kidogo cha uwatu, naroweka saa mbili asubuhi, saa nane natwanga vyote pamoja kwenye kinu manake kutwanga mara mbili mgongo haukubali, kisha namalizia kwenye jiwe la bizari, naongeza maji, chumvi, nafunika na kawa mpaka alfajiri. Kule Malindi nikiamka kusali alfajiri unga umepanda unasukuma kifuniko. Huku nafunua kawa nakuta umelala vile vile nilivouacha, maji yamejitenga juu, chini umekaza kama chokaa, na ukinusa hakuna ule uchachu, ni harufu ya mchele mbichi tu. Mara ya pili nikasema labda haujafika muda wake, nikauacha mpaka adhuhuri, ukatoa povu kidogo pembeni halafu ukawa mkali. Nikapika hivo hivo. Mtoto akachukua idli moja akaidundisha ukutani, ikamrudia mkononi.

Ni hii baridi ya kusi ama ni mimi? Na hivi vitu kweli vinawezekana bila stima ama nimwambie binamu nimeshindwa nihifadhi uso wangu? Na ukibaki naueka wapi na friji sina?

BintiMalindi

Wa aleikum salaam dada. Kwanza nimecheka hiyo ya kudunda ukutani, nisamehe. Pili kosa nimeliona kabla sijafika mwisho, umetwanga PAMOJA. Mchele hauumuki, kinachoumuka ni urad. Urad ina ute kama bamia, ule ute ndo unashika hewa isitoke, sasa ukiichanganya na mchele ndani ya kinu ule ute haupati nafasi, chenga za mchele zinaukatakata na hewa haiingii, hapo hata ukiuweka kwenye tanuri hautapanda.

Fanya hivi. Urad iroweke peke yake na uwatu wako. Uisage peke yake kwenye jiwe, maji unatia ya kunyunyiza tu, tena yawe baridi, ya mtungini, na hayo maji uliyorowekea usiyamwage, sagia hayo hayo. Ikishalainika itie kwenye bakuli pana uipige kwa mkono. Unajua kupiga kaimati wewe, mtu wa Lamu hajui kaimati? Basi ni vile vile, vidole wazi, unachota kutoka chini unaangusha, unachota unaangusha, mpaka iwe nyeupe inang'aa na imekua karibu mara mbili. Hiyo kazi ndo ilikua inafanywa na mashine ya mawe kule kwa tajiri wako na wewe hukuiona. Kujua kama tayari chukua glasi ya maji udondoshe tone moja la hiyo urad, likielea ni tayari, likizama endelea kupiga hata kama mkono unauma.

Na hicho kipimo chako cha vinne kwa kimoja ni cha watu wenye mashine, manake mashine inaifurisha urad mpaka kikombe kimoja kinatosha. Ukisaga kwa mkono tia vikombe viwili vya mchele kwa kimoja cha urad, ama viwili na nusu. Ni gharama najua, lakini kutupa unga wote nayo ni gharama.

Chege_wa_Boti

Si uwapikie mahamri na mbaazi tu wamalize? Mtu atoke ulaya aje Lamu ale chakula cha India, mbona asiende India 😂

BintiMalindi

@Chege_wa_Boti wewe pilau unayokula bizari yake imetoka wapi? Chapati? Sambusa? Achari? Mreno alipotia nanga Malindi 1498 alikuta meli za wahindi ziko hapo tayari. Tuachie uzi wetu.

Kofia_ya_Vito

Mbaazi hawali? Nyama hazimo mle.

MamaSwaleh_Amu

@Kofia_ya_Vito wanakula sana tu, wamezila siku nne mfululizo ndo tatizo lenyewe.

@BintiMalindi Allah akubariki dada, hiyo ya kaimati imenifungua macho wallahi. Lakini mchele nao nautwanga lini? Mgongo mmoja.

BaharIa_mstaafu

Niingie hapo. Mimi nimesoma Coimbatore, kusini ya India, miaka mitatu zamani na chumba tulichopanga stima ilikua inakatika kila saa, na mama mwenye nyumba hakuwahi kukosa idli hata siku moja, manake hiki chakula kilikuepo kabla ya stima na watu wanakula.

Mgongo wako tutauokoa kwa njia ya watu wa Andhra. Wao mchele hawausagi siku ile ile. Oshea mchele wa wiki nzima siku moja yenye jua, uanike juu ya mkeka ukauke, utwange mara moja uwe chenga, pepeta utoe ule unga mwembamba (huo usitupe, tilia kwenye vitumbua), chenga ziweke kwenye kopo lenye mfuniko. Ama kama kuna mashine ya dizeli ya kusaga mahindi karibu waambie wakusagie, lakini wasilainishe, iwe ya kushikika vidoleni kama mchanga laini. Siku ya kazi unaroweka chenga masaa mawili matatu, unazikamua maji, unazichanganya na urad uliyoipiga. Kwa hiyo kila Ijumaa unachosaga ni urad peke yake, kikombe kimoja ama viwili, nusu saa umemaliza. Mchele usitumie pishori tafadhali, ule ni wa kunukia na ni ghali bure, chukua huu wa kawaida, na ukipata ule uliochemshwa na ganda lake kabla ya kukobolewa ndo wenyewe hasa. Usipoupata tia wali uliopikwa, ngumi moja, usage pamoja na urad, unasaidia kulainisha.

Kuhusu vyombo, usisumbuke kutafuta ile sinia ya mashimo. Kerala upande wa Palakkad kuna kijiji kinaitwa Ramassery, idli zao ni bapa kama mkate wa kumimina, wanatandika kitambaa juu ya mdomo wa chungu cha udongo chenye maji yanayochemka, chini kuni, na watu wanatoka mbali kuzifuata. Wewe sufuria unayo, leso kuukuu safi unayo, funga kitambaa juu ya sufuria kikaze kama ngoma, mimina, funika na sufuria nyingine. Na upande wa Mangalore na Udupi ndo utapenda zaidi, wanachukua majani manne ya mfenesi wanayafunga yawe kikombe wanayabana na kijiti cha chelewa cha mnazi, unga unamiminwa humo humo na kupikwa kwa mvuke, jani linatia harufu yake. Kuna nyingine wanasokotea kwenye majani ya mkadi. Mkadi! Sisi tunatia maua yake kwenye vikuba, wao wanapikia majani. Ukimpelekea mgeni idli ndani ya jani la mfenesi binamu yako atapandishwa cheo.

Ndogo za kawaida dakika kumi hadi kumi na mbili toka maji yachemke vizuri, za kwenye majani ni zaidi, nusu saa hivi. Choma na chelewa, ikitoka kavu toa, lakini usizibandue zikiwa moto, ngoja dakika mbili tatu.

mjukuu_wa_Mkomani

Nimemsomea nyanya uzi wote huu, ana miaka themanini na kitu na ana maneno, mimi naandika tu anavosema:

"Mwambie huyo mwanangu, hayo si mambo mapya. Sisi vitumbua hatukutia hamira ya dukani, hamira ya kopo imekuja yana. Mtele waroweka, wausaga kwa jiwe, watia tui, watia tembo tamu la asubuhi, wafunika, yua likipanda unga umefura. Na chuma cha vitumbua anacho? Atie humo huo unga wake, mwenye kula hatajua kama ni cha Muhindi au cha Muamu. Na mwambie anambie, mai yake ni ya wapi? Ya kisima au ya jabia? Mai ya chumvi hayaumui kitu."

(Mtele ni mchele, mai ni maji, yana ni jana, yua ni jua, tembo ni lile la kugema mnazini si mnyama, jabia ni birika la maji ya mvua, kwa nyinyi wa bara.)

Kofia_ya_Vito

Tembo jamani si haramu? Nauliza tu.

mjukuu_wa_Mkomani

Nimemuuliza. Amesema "likiwa tamu bado si pombe, na wewe mwenye kuuliza uliyala hayo vitumbua utoto wako wote." Kisha amekataa kuendelea na mada.

BaharIa_mstaafu

Hehehe bibi huyo apewe kiti. Na Kerala ni vivyo hivyo, appam zao za asili zinaumuliwa kwa tembo la mnazi, mchele na nazi vilevile, ukizila unadhani uko Langoni. Na chuma cha vitumbua ni kweli kabisa, Watamil wanacho kile kile cha mashimo, wanapikia unga wa idli uliobaki na kitunguu na pilipili ndani. Kwa hiyo @MamaSwaleh_Amu hakuna kitu kigeni hapo.

MamaSwaleh_Amu

Msalimie nyanya sana @mjukuu_wa_Mkomani, mwambie swali lake limenikalisha chini. Maji yangu ni ya jabia, ya mvua, matamu. LAKINI mama yangu tokea ule mwaka wa kipindupindu anatia dawa ya maji, na mimi naye nikija kuteka sijui kama ametia ama hajatia kwa hiyo natia tena. Yaani saa ingine maji yananuka kama nguo nyeupe. Sa hiyo dawa si inaua vidudu? Na huku kuumuka si ni vidudu?? Ama ndo nimekua nikiua hamira yangu mwenyewe wiki tatu nzima?

Mwl_Sayansi_MLD

Dada umefikiri vizuri sana, lakini usikimbilie kuacha dawa, nakusihi, kipindupindu si mchezo na wageni wakiumwa tumbo ndo mwisho wa biashara.

Ni hivi. Vinavyoumua idli ni bakteria, na hawatoki hewani sana wala kwenye mkono wako kama watu wanavosema, wengi wako juu ya urad yenyewe toka dukani. Ukiroweka wanaamka, ukisaga wanapata chakula, wanatoa asidi (ndo uchachu) na wanatoa gesi (ndo kupanda). Dawa ya maji ikiwa kipimo sawa, ikikutana na unga mwingi nguvu yake inaisha haraka, itawachelewesha tu. Ila ukitia mara mbili kama unavosema, na unaosha nayo, unaroweka nayo, unasagia nayo, hapo umewapiga mara tatu. Kwa unga tumia maji uliyochemsha yakapoa usiku kucha, ni salama na hayana dawa. Ya kunywa endelea na dawa, KIPIMO KIMOJA, na muelewane na mama nani anatia.

Pia kusi ni kweli inachangia. Hawa wanapenda joto la kama digrii 27 hadi 32. Kaskazi huhitaji kufanya kitu, masaa sita saba umepanda, tena ukichelewa unakua siki. Mwezi huu wa saba usiku upepo unapita chini ya mlango, kawa inapitisha hewa, chombo chako nadhani ni cha bati, basi unga unalala na baridi.

Na ukiona rangi ya waridi ama nyuzi nyuzi za ukungu juu, mwaga wote, usikwangue ukatumia wa chini.

BintiMalindi

Chombo kiwe cha udongo ama kile kizito cha plastiki cha chakula, ukifunge na blanketi, ukiweke jikoni kando ya seredani iliyobaki na majivu moto. Kando, si juu! Mimi niliwahi kuweka juu nikapata uji ulioiva chini na unga mbichi juu.

Kuhusu friji: usisage wa siku tatu, saga wa kutosha na akiba kidogo. Huu uliobaki Jumamosi asubuhi tia kwenye bakuli, bakuli lenyewe likae ndani ya karai ya maji, funika kitambaa kibichi ambacho ncha zake zimezama majini, uweke kivulini kwenye upepo. Utakuvukisha mpaka jioni bila kuchacha kupita kiasi. Jioni unga umeshakua mkali kidogo, huo ndo wa dosa, chuma cha chapati kipate moto sawasawa, kisugue na kitunguu kilichokatwa nusu kikiwa na mafuta, mwaga upawa mmoja katikati usambaze kwa mgongo wa upawa kutoka ndani kwenda nje haraka. Upawa wa kifuu unafaa kuliko wa chuma kwa hii kazi, hauvuti unga. Ukibaki tena Jumapili, vitunguu na pilipili juu uwe mnene, ama chuma cha vitumbua kama nyanya alivosema. Zaidi ya hapo wape kuku.

Kofia_ya_Vito

Na mimi nichangie kabla uzi haujaisha, stima hata mimi sina habari nayo. Achari. Ndimu unazikata nne bila kuachanisha, chumvi nyingi humo ndani, chupa ya kioo kavu KABISA, darini juani kila siku unaitikisa, jioni unaiingiza. Wiki tatu ganda limelegea na maji yake yamekua mazito. Pilipili na bizari baadae. Hiyo inakaa mwaka. Chumvi ndo friji ya mtu wa pwani. Shida yangu ni paka tu, Lamu paka ni wengi kuliko watu na wamenivunjia chupa mbili, sasa nazifunga kwa kamba kwenye nguzo kama punda.

Chege_wa_Boti

Na dhokla je? Ile ya manjano ya kupuliza puliza. Mke wangu anaipenda akienda Mombasa, kule duka la mithai.

BaharIa_mstaafu

@Chege_wa_Boti umerudi! Si ulisema mahamri? 😀 Hiyo ya manjano laini ya dukani ni ya haraka, unga wa dengu na Eno, dakika ishirini, haikuchacha hata kidogo. Dhokla ya wagujarati ya zamani ni mchele na dengu zimesagwa kavu zikakoroganwa na maziwa ya mgando yaliyochacha, zinalala usiku mmoja, asubuhi zinapikwa kwa mvuke kwenye sinia. Haipandi juu sana kama ile na rangi yake imefifia, lakini ina ladha. Stima haihitaji vilevile. Mwambie mkeo anunue unga wa dengu wa chenga chenga si ule laini wa bajia.

MamaSwaleh_Amu

Nimerudi na matokeo, ni Jumapili usiku.

Alhamisi nilianika chenga, Ijumaa nikaroweka urad kwenye bakuli mbili, moja maji ya kuchemsha, moja maji yetu yale yale ya dawa, nione mchawi ni nani. Zote nimesaga peke yake, zote nimepiga kama kaimati. Wallahi mkono uliuma lakini nilipoona tone linaelea kwenye glasi nilimuita mama aje aone, tukadondosha jingine, na jingine, mpaka maji ya glasi yakawa maziwa, mama akasema tumemaliza urad kwa kucheza. Bakuli zote nikazifunga blanketi kando ya seredani.

Saa tisa usiku nikaamka kuchungulia. La maji ya kuchemsha limepanda limegusa mfuniko, ukilichota kwa mwiko ndani limejaa vishimo vishimo kama sponji na linatoa ule mlio mdogo wa povu, tsss, na ile harufu, nikawa niko Malindi kabisa. La maji ya dawa lilikua limepanda nusu tu. Lakini kufika alfajiri nalo likaja, likakaribia mwenzake. Kwa hiyo mchawi mkubwa ni mimi na kutwanga pamoja, dawa ni msaidizi wake.

Mwl_Sayansi_MLD

Hongera! Ila kama bakuli moja lilikua karibu na seredani kuliko jingine huwezi kusema kwa hakika ni dawa. Ungezibadilisha nafasi usiku.

MamaSwaleh_Amu

Mwalimu mimi nauza idli, sifanyi mtihani 😂 Lakini ni kweli moja lilikua karibu zaidi, na ni lile la maji ya kuchemsha. Wiki ijayo ntabadilisha, kwa ajili yako.

Nikazipika kwa kitambaa na nyingine kumi na mbili kwa majani ya mfenesi. Za kitambaa zilitoka nyeupe laini, ukibonyeza na kidole inarudi polepole. Za majani zilitoka na rangi ya kahawia kidogo pembeni na sura mbaya manake sijui kufunga, mbili zikafumuka ndani ya sufuria, lakini ndo zilizoisha kwanza. Chatini nilikuna nazi nikaisaga jiwe lile lile na pilipili mbichi na tangawizi na ukwaju. Mtoto nikampa moja nikamwambia dundisha ukutani, imegandia mpaka saa hii.

Sasa mkasa. Binamu akanipigia Jumamosi hiyo hiyo anataka na dosa za jioni, kwa hiyo ule unga uliobaki nikautia kwenye ndoo ya rangi ile kubwa iliyooshwa, nikaujaza vizuri, nikafunga mfuniko nikaenda nao kwa mashua kwenda kumpikia huko huko. Jua la saa saba. Tuko katikati ya mlango wa maji nikasikia mfuniko umesema pwa! Unga umepanda unashuka pembeni ya ndoo kama mtu anamimina, umeingia kwenye mkeka wa nahodha, umeingia chini ya mbao, nahodha anapiga kelele anasema nimemletea hamira kwenye chombo. Nusu ya ndoo ndo iliyofika. Dosa zilitosha kwa bahati, lakini mkeka nadaiwa, na nahodha anasema siku nyingine ndoo ilipe nauli yake.

BintiMalindi

Ndoo jaza nusu tu dada, mfuniko ulegeze, na uzungushie gunia bichi. Na huo mkeka uanike kwanza ukauke kabisa ndo ukung'ute, usiusugue ukiwa mbichi, urad ikishaingia kwenye ukindu unashika kama gundi.